Msamaha Uliokwama Batsinda

Mwezi uliopita dada yangu Zaina alifia Ubelgiji, na mimi mwenzenu nikamwaibisha mbele ya jeneza lake. Kwetu, kabla ya kuzika, mkubwa wa ukoo huwaomba watu wamsamehe marehemu. Na Zaina alihitaji hasa, maana ulimi wake, Mungu amrehemu, ulikata kuliko mkasi wangu wa ushonaji. Mkubwa aliyebaki ni mimi, nami niko huku nyumbani Batsinda, basi tukakubaliana niseme kwa video.

Fundi aliyekuja kuniwekea intaneti alikuwa ameniuliza, "Mzee, utakuwa unatuma video ama unaangalia tu?"

Nikamjibu kwa kiburi, "Mzee kama mimi nitatuma nini? Lete ya kuangalia."

Siku ya maziko niliwaona waombolezaji wote safi kwenye simu, hata machozi yao. Nikajua nao wananiona hivyo hivyo. Nikaomba msamaha, nikalia. Wakaziba midomo kwa mikono, mabega yakitikisika. Nikafikiri uchungu umewaingia, nikaongeza maneno. Halafu wakabeba jeneza, wakatoka, mimi bado nasema.

Jioni mjukuu wa Zaina akanipigia simu.

"Babu, mbona hukusema kitu?"

"Nimesema mpaka koo limekauka!"

"Intaneti yako iko inaleta vizuri, ila kutuma haina nguvu. Sisi tumeona picha yako moja tu kwenye skrini ya ukutani, imeganda, umepanua mdomo kama mtu wa kupiga miayo. Watu wamecheka, Babu. Tumesubiri weee, mwisho tukamzika."

"Na msamaha je?"

"Hakuna aliyeuomba."