Tone la Sungura

Miaka ile ya elfu mbili niliamini kwa moyo wangu wote, tena nikiwa na cheti changu cha ngumbaru, masomo ya watu wazima, mkononi, kwamba ndani ya friji ya maabara yetu mlikuwa na dawa ya kumaliza kisukari. Askari wa geti ndiye aliyenieleza. Inatolewa kwenye damu ya sungura, akasema, na matajiri wa Spring Valley hunywa tone moja asubuhi kisha wakala keki mpaka jua litue.

"Kwani umewahi kuona mtu mnene huko?" akaniuliza.

Hoja nzito kabisa.

Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vya kioo. Ngumbaru nilikuwa nimeisoma jioni kule Ngara, basi nikajiona nusu profesa. Na kweli nilimwona daktari wetu, mama mpole wa Mombasa, akidondosha kile kitu cha friji kilichotoka kwenye damu ya sungura, wenyewe wakikiita kingamwili, juu ya kipande cha utumbo wa panya, chembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kesho yake akaniita kwenye chumba cha giza nichungulie darubini. Utumbo ulimetameta kijani kama mji mzima usiku wa Krismasi!

"Hapo ndipo ilipo protini inayouambia mwili kwamba chakula kimeingia, sukari ishughulikiwe," alisema.

Mimi nikaona ushahidi umetimia. Nikakimbia nyumbani Uthiru kumwahidi tone lake mama yangu, ambaye sukari ilikuwa imemtia ganzi miguuni. Alinishika mikono yote miwili.

Wiki iliyofuata nilimkuta na kikombe cha chai tamu ya kuwalewesha nyuki wa kaunti nzima. Vidonge vyake vya kisukari vilikuwa juu ya kabati, havijaguswa.

"Mum, na dawa?"

"Za nini, baba, na wewe unaniletea ile ya sungura?"

Miguu ilikuwa imevimba. Asubuhi nilimngoja daktari mlangoni, nikamwomba tone moja tu, la mama. Hakucheka, ingawa nilistahili kuchekwa mpaka Ngong wasikie. Aliuliza kama mama bado anameza vidonge. Nilipomjibu kwamba ameviacha, akaweka mkoba chini.

"Kaka yangu, ile si dawa. Kingamwili inaishika protini, na rangi tuliyoibandika juu yake inatuonyesha protini iko wapi. Basi. Panya mwenyewe alikuwa ameshakufa. Haimponyi mtu. Mpeleke mama hospitali leo, na vidonge vyake asiviache."