Aliyekuwa Akituchinjia Kuku

Mimi ni mdadisi wa kuzaliwa. Mume wangu alikuwa akisema ningezaliwa mwanamume serikali ingenipa kazi ya upelelezi, nami nilimjibu kwamba serikali ingefaidika. Ndiyo maana hadi leo sielewi ilikuwaje nikakaa na mtu karibu mwaka mzima, nikampa kisu kila asubuhi, nisimuulize swali moja dogo.

Tulihamia Sumbawanga kutoka Mbeya miaka ile ya Ujamaa, mume wangu akiwa mtumishi wa idara ya maji. Tulipanga nyumba mtaa wa Mazwi. Wakati ule kila kitu kilikuwa cha kikundi, shamba la kikundi, duka la kikundi, na sisi akina mama watano wa mtaa mmoja tukahimizwa kufungua mgahawa wa kikundi. Tukaufungua karibu na pale malori yalipokuwa yakiegesha. Wanne tulikuwa watu wa Mbeya, wa tano alikuwa Mfipa, mwenyeji wa pale, fundi wa ugali na mwanamke wa maneno machache. Usimamizi nilipewa mimi, nadhani kwa sababu ya mdomo.

Wateja wetu wakubwa walikuwa madereva na matingo, wengi wao Waislamu, kwa kuwa malori mengi ya mjini yalikuwa mali ya familia za Kiislamu. Kitoweo chetu kilikuwa kuku. Na aliyekulia nchi hii anajua utaratibu: kuku wa kuliwa na watu mchanganyiko huchinjwa na Mwislamu, ili kila mtu ale bila wasiwasi. Sisi ni Wakristo, na mama yangu akipata mgeni Mwislamu alisimama njiani na kuku mkononi, akamwita mwanamume yeyote Mwislamu aliyepita. Hakuna aliyedai karatasi wala mhuri. Ukiona kofia, umeona cheti.

Basi siku ya kufungua nilisimama mlangoni na kuku wawili, nikaona kofia. Ilikuwa nzuri, ya kushonwa kwa mkono, juu ya kichwa cha mzee mwembamba aliyekaa juu ya gunia akisubiri kazi ya kupakua mizigo.

"Shikamoo mzee. Tusaidie kutuchinjia."

"Marahaba mama. Kisu kiko wapi?"

Alichinja kwa mkono mwepesi, midomo yake ikinong'ona kitu. Nikamwomba arudi kesho yake. Haikupita wiki akawa mtu wetu, akilipwa kwa chakula na posho kidogo. Tulimwita sheikhe, madereva wakamwita sheikhe, naye aliitika, maana mjini watu huitana sheikhe hata kilabuni penye pombe. Alitokea kijiji cha Kate, alikuwa mpole, na zaidi ya hapo sikujua lolote.

Kulikuwa na mteja mmoja aliyekuwa juu ya wengine wote. Huyu alikuwa mzee Mwislamu mwenye malori mawili na duka la vitambaa, amefiwa na mke, watoto wake wako Tabora. Alikula kwetu kila adhuhuri, meza ya dirishani, kuku kwa ugali. Aliniita binti yangu. Nilikuwa mbali na baba yangu, na sioni aibu kusema kwamba nilimpenda mzee yule kama mzazi. Akichelewa nilikuwa nachungulia barabarani.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, upepo wa Ufipa ukiwa umeamua kutukomesha, nilipita karibu na kanisa la Wakatoliki watu wakitoka misani. Mbele yangu nikamwona mchinjaji wetu, kichwa wazi, upara unang'aa, rozari mkononi. Aliponiona alifurahi. Akaitoa kofia mfukoni, akaivaa, akaja kunisalimu.

"Mama, habari za Jumapili?"

Nilijibu nzuri. Kisha nikashika njia ya nyumbani.

Jumatatu asubuhi nilimkalisha kwenye uga wa mgahawa. Nikamuuliza, kwa upole nilioutafuta kwa shida, kwa nini alitudanganya. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Kofia alipewa na mfanyabiashara mmoja baada ya kumpakulia mizigo, akaivaa kwa sababu Sumbawanga kuna baridi na yeye hana nywele. "Uliniambia nichinje, nikachinja. Dini hukuniuliza." Kisha akaelewa. "Kumbe mlikuwa mnataka Mwislamu," alisema, akaivua ile kofia taratibu, akaiweka magotini. Nilimwambia aivae, ataugua.

Nikaingia jikoni kuwaambia wenzangu. Yule Mfipa aliendelea kusonga ugali. "Huyo? Tunasali naye kila Jumapili," alisema. "Nilidhani mnajua." Hapo nilikaa juu ya kinu nikacheka hadi machozi yakatoka, na machozi hayo hayakuwa yote ya kicheko.

Wenzangu walishauri tunyamaze. Tutafute Mwislamu wa kweli, tumalizie hapo, nani atajua. Nakiri ushauri ule ulinivutia. Lakini kila nilipofikiria ile meza ya dirishani niliona siwezi. Siku hiyo tukapika maharage tu, tukasema kuku wameadimika. Jioni nikajifunga kanga kichwani, nikaenda kwa mwalimu wa madrasa, mtu ambaye sikuwahi kuzungumza naye.

Nilitarajia karipio. Nikapata mtu mdadisi kuliko mimi. Kisu kilikuwa kikali? Mishipa ya shingo ilikatwa yote? Damu ilitoka vizuri? Kuku mmoja alichinjwa mwenzake akitazama? Na mzee, alipochinja, alikuwa akinong'ona nini? Hilo la mwisho nilikuwa nimeliuliza asubuhi: alikuwa akimtaja Mungu kwa Kifipa, kama baba yake alivyomfundisha, kwa kuwa uhai si mali ya mtu wa kuuchukua kimyakimya. Maalim akatabasamu.

Akanieleza, polepole kama anavyoeleza watoto wa darasa la kwanza. Chakula cha watu waliopewa Kitabu, Wakristo wakiwemo, Kurani imekiruhusu. Wako wanazuoni wanaokipokea bila shida, wako wanaojitahadhari. Na aliyekula bila kujua hana dhambi kwa vyovyote. Nikashusha pumzi. Nikadhani tumemaliza.

"Sasa wewe," alisema. "Wao hawakujua. Wewe tangu jana unajua."

Akaniambia kwamba katika sheria yao mwenye kuuza kitu anawajibika kuionyesha kasoro yake kabla mnunuzi hajauliza. Anayekula kwangu, alisema, hanunui kuku peke yake, ananunua na neno langu kwamba kuku yule yuko sawa. Na biashara inayoficha inaweza kwenda siku nyingi, lakini inakwenda kwa hofu. Halafu, kwa kuwa alikuwa bado hajachoka kuuliza, akataka kujua kuku wetu wanakula nini kabla ya kuchinjwa. Nikasema wanadonoa popote, hata jalalani. Akatikisa kichwa. Kuku wa jalalani hufungiwa siku tatu akalishwa chakula safi, ndipo achinjwe. Na kisu kisinolewe mbele yake. Nilirudi nyumbani nimejaa maswali mapya, nikitamani kama kesho isingefika.

Ilifika. Adhuhuri mgahawa ulikuwa umejaa. Nilisimama katikati ya meza, nikawaeleza yote: nani aliyechinja, tangu siku gani, jinsi kosa lilivyokuwa langu na si la mzee wa watu, na maalim alivyosema. Tingo mmoja akacheka. Dereva mmoja akasema yeye ana njaa, na maharage hayachinjwi. Wawili wakaondoka.

Mzee wa dirishani alinawa mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja.

"Tangu mlipofungua?"

"Tangu tulipofungua, baba."

"Ahsante kwa kuniambia, binti yangu."

Akatoka. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa.

Tulimpata fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, Mwislamu aliyeulizwa maswali mengi hadi akachoka, akawa anatuchinjia kila asubuhi. Yule mzee wa Kate hatukumfukuza. Alitujengea banda, akawa anawafungia kuku siku tatu na kuwalisha pumba na mchicha, na mbolea yao ikaenda kwenye bustani ya kabichi nyuma ya jiko. Kuku wetu wakawa watamu kweli. Hata mwanzoni nilipodhani wateja wote wametukimbia, nilipenda kusimama pale bandani kumtazama akiwasemesha kwa Kifipa.

Kisha madereva wakaanza kuja, tena wengi kuliko mwanzo, hata wageni kutoka Mpanda. Mdadisi hawezi kukaa na jambo kama hilo. Nikamuuliza mmoja nani aliyemwelekeza.

"Mzee wetu wa malori," alisema. "Ametuambia tule hapa tu. Anasema hawa wakikosea, wanasema."

Niliumia zaidi kuliko kama angetutangaza vibaya. Nikapakua sahani ya kuku, nikaifunika, nikaenda nayo dukani kwake. Nikamuuliza waziwazi: kama anawatuma watu wake, mbona yeye haji?

Hakukasirika. Alinivutia kiti kati ya majora ya vitambaa. "Nilikwenda kwa maalim mimi pia," alisema. "Sheria haina neno na mimi wala na wewe. Lakini tumbo hili halikusoma madrasa. Nikimwona kuku wenu linajifunga." Kisha akauliza: "Mnapika maharage bado?"

Kesho yake alirudi kwenye meza yake. Alikula maharage siku hiyo, na siku zote zilizofuata, zaidi ya miaka miwili. Tuliongea, tulicheka, aliniuliza habari za mtoto wangu aliyezaliwa. Sikumtajia kuku hata mara moja, na sahani za kuku nilizipitisha mbali na dirisha.

Mume wangu akahamishiwa Iringa. Siku yangu ya mwisho mgahawani mzee alikaa, akanawa, akaniambia nimletee kuku. Nilisimama nisijue kama nimesikia sawa. Nikamletea kipande kimoja, kidari, na mchuzi pembeni. Alisema bismillahi, akamega, akatia mdomoni. Alitafuna kwa muda mrefu, macho yake yakitazama barabarani, jasho limemtoka kwenye paji la uso katika baridi ile. Alimeza. Akanywa maji glasi nzima, kisha akaisogeza sahani mbele, kipande kikiwa kimebaki karibu chote.

"Nimejaribu, binti yangu," alisema.