Somo la Tatu

Waliopanga foleni na ndoo zao za mahindi walimwita Mwalimu, ingawa hakuna shule iliyowahi kumwajiri, na hata ile aliyosoma aliiacha kabla haijamwacha. Kazi yake ilikuwa kusaga. Kwa miaka ishirini na mitatu alisimama katika chumba kile kile chenye kuta zilizoganda unga, akimwaga mahindi kwenye mdomo wa mashine, akigongagonga mfuko wa kitambaa unaopokea unga ili usizibe, akikaza mkanda kila ulipoanza kuteleza. Jioni alitoka na kope nyeupe na nyusi nyeupe, na mke wake alimkung'uta mlangoni kabla hajamruhusu kukanyaga ndani. Kelele za mashine zilimzoesha kupaza sauti. Kanisa lao lilipotafuta mtu wa kuongoza darasa la Injili la kila Alhamisi jioni, wazee walitazamana wakasema huyu angalau atasikika hadi nyuma.

Alisikika kweli. Na tusimnyime haki yake, alijituma kuliko wengi wenye vyeti ukutani. Alikuwa na utaratibu: kila habari ya Injili ina masomo matatu. Si mawili, si manne. Mpanzi na mbegu zake, matatu. Yule aliyepooza akashushwa kupitia darini, matatu. Zakayo juu ya mti, matatu. Darasa lilikuja na daftari, naye akimaliza kusoma huuliza, "Tunajifunza nini?" na kalamu zote zinakaa tayari. Vijana wenye utani walimwita Masomo Matatu, naye alipozipata habari hizo alicheka, akaona amesifiwa. Tatu yenyewe haina ubaya. Mafiga nayo ni matatu na chungu hakianguki. Ubaya ni kwamba akishayapata matatu yake alifunga kitabu, hata kama habari yenyewe haijaisha.

Basi Alhamisi moja ya mvua alifundisha habari ya yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, akapenya kwenye umati, akagusa vazi la Yesu kwa nyuma, akapona papo hapo. Bati lilipigwa na mvua, naye akalishinda bati. Somo la kwanza, usikate tamaa. Somo la pili, mguso mmoja wa imani unatosha. Somo la tatu alilipata pale inaposemwa kwamba mwanamke yule alihangaika kwa matabibu wengi, akamaliza vyote alivyokuwa navyo, na hali ikazidi kuwa mbaya.

"Andikeni," alisema. "Anayekimbilia kwa daktari kwanza, amemweka Bwana nafasi ya pili."

Sentensi hiyo hakuwa ameipanga, ilimtoka tu, na ilikuwa tamu mdomoni. Akairudia. Ulimi hauna mfupa, nao wa Mwalimu siku hiyo ulikuwa umenona. Chumba kizima kiliinama juu ya daftari.

Benchi la pili alikuwa ameketi shemeji yake, mke wa mdogo wake wa tumbo moja. Mdogo wake alikuwa fundi rangi, mtu wa ngazi na ndoo, asiye na muda wa madarasa. Huyu mke wake ndiye aliyekuja kila Alhamisi bila kukosa. Ndiye aliyemshonea Mwalimu aproni ya kazini, na ndiye peke yake aliyethubutu kumwambia mbele za watu, "Shemeji, punguza sauti, hapa hakuna mashine." Mwalimu alimpenda kama dada yake wa kuzaliwa. Siku hiyo naye aliandika, kwa herufi zake ndogo zilizonyooka.

Wiki tatu baadaye alikuja mashineni bila ndoo. Hilo peke yake lingemshtua mtu makini, maana nani huenda mashineni mikono mitupu? Alizunguka foleni akiomba radhi, akaingia ndani kwenye vumbi, akasimama karibu na bega la Mwalimu.

"Shemeji, nina swali la darasani."

"Sema, nakusikia."

"Mtu akitokwa na damu wakati si wake, ikawa haikomi, akaenda hospitali. Huyo amekosa imani?"

Aliyasikia yote. Watu wa mashine hata masikio yakizidiwa husoma midomo. Lakini nje kulikuwa na ndoo kumi na moja, mkanda ulikuwa umeanza kulalamika, na neno lililomwingia moyoni lilikuwa lile la "darasani". Alivimba kwa furaha. Kumbe watu wanaondoka na masomo yake hadi nyumbani! Hakuuliza mtu huyo ni nani.

"Rudia somo la tatu!" alipaza sauti, akicheka, mkono ungali kwenye mfuko wa unga.

Shemeji naye akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, akatoka. Kuizima ile mashine ni kuvuta chuma kimoja chini, kazi ya sekunde. Mwalimu hakukivuta. Jioni ile alimsimulia mke wake, kwa majivuno, jinsi watu wanavyomfuata hadi kazini kumuuliza maswali ya Injili.

Ilipita miezi saba. Shemeji alikonda, akasema ni tumbo. Aliacha kuketi kwenye viti vya watu, akawa anasema anapenda kusimama. Siku moja alianguka bombani, maji yakimwagika juu yake, na waliokimbia kumwinua waliona kwamba yaliyotiririka hayakuwa maji matupu. Hospitali walimpima, wakampima tena. Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye macho ya mtu asiyelala. Alisema uvimbe ulianzia mlango wa kizazi na sasa umesambaa. "Angeletwa ulipoanza tungeshughulika nao," alisema. Hakusema kwa ukali, na Mwalimu, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, alitamani angefoka. Siku ya kumi na moja shemeji alifariki.

Msibani maneno hayakosekani. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema, kwanza kwa minong'ono, halafu waziwazi, kwa sababu methali humpa mtu ruhusa ya kusema lile ambalo kwa maneno yake mwenyewe angeona aibu. Mama wa marehemu aliketi chini akilia na kulaumu kwa pamoja. "Mwanangu alinificha. Nilimzaa mimi, akanificha mimi. Alikuwa anaona nini kuniambia?" Hakuna aliyekuwa na jibu, isipokuwa mmoja, naye alinyamaza.

Afadhali angenyamaza hadi mwisho. Pale kaburini walimwomba aseme neno, na Mwalimu, kwa woga na kwa mazoea, akatoa masomo matatu. La kwanza akasema, tusiwe wasiri wa magonjwa yetu. Sauti yake ilisikika hadi kwa wachimba kaburi waliokaa pembeni na makoleo yao. Alijisikia akisema hivyo, lakini akaendelea hadi la tatu.

Baada ya mazishi mdogo wake alianza kuja darasani. Hakuna aliyemwita. Alikuja na madoa ya rangi kwenye vidole, akaketi benchi la pili pale pale alipokuwa akiketi mkewe, akafungua daftari la mkewe na kuendelea kuandika chini ya mwandiko wake. Hakuuliza swali, hakuchangia neno. Mwalimu kila akimtazama aliona mkono ule ukiligeuza daftari. Ukurasa ule umo humo. Siku yoyote atarudi nyuma kurasa chache, aone, aelewe, ainuke mbele za watu wote na kumwambia kaka yake kwamba amemuua mke wake. Wazazi wao walishakufa. Kwa kila mmoja wao, ndugu wa damu aliyebaki duniani alikuwa huyo mwenzake.

Mwaka ulizunguka, na ratiba ya darasa nayo ikazunguka. Mwalimu alipanga kuiruka ile habari kimyakimya. Lakini kulikuwa na bibi mmoja wa benchi la mbele, waliyemwita Bibi Miwani kwa sababu ya miwani yake iliyofungwa kwa uzi, na bibi huyo hakuwahi kusahau kitu isipokuwa umri wake. "Mwalimu, wiki ijayo ni yule mama wa damu," alisema wakitoka. Mdogo wake alikuwa nyuma yao, akisikia.

Jumatano mchana, mashine ikipoa, Mwalimu aliketi juu ya gunia akasoma habari ile katika Injili zote zinazoisimulia, zote tatu, kwa mara ya kwanza hadi mwisho. Moja inasema matabibu walimzidishia mateso. Ya pili, ile ambayo wazee wa kanisa husema iliandikwa na mtu aliyekuwa tabibu mwenyewe, inasema tu kwamba hawakuweza kumponya, na Mwalimu akacheka kicheko kikavu, maana nani asiyeitetea kazi yake. Ya tatu haiwataji matabibu kabisa. Alitafuta mahali ambapo Yesu anamkemea mwanamke yule kwa kwenda kwao. Alitafuta kwa kidole, mstari kwa mstari. Hakuna. Somo la tatu halikuwemo. Alilitia yeye, likaandikwa na watu waliomwamini.

Kisha akafika pale ambapo hakuwahi kufika, kwa sababu matatu yake yalikuwa yakitimia mapema. Yesu alikuwa safarini kwenda kwa mtu ambaye binti yake alikuwa mahututi. Umati unasukumana, baba wa mtoto anahema, kila dakika ina thamani ya roho. Na pale pale akasimama. Akauliza nani amemgusa, akangoja, mpaka yule mwanamke akajitokeza akitetemeka, akaanguka, akaeleza kweli yote. Alisimama amsikilize mwanamke mmoja, na kifo kikimngoja kule aendako. Mwalimu alikuwa na ndoo kumi na moja tu. Alilia pale juu ya gunia kwa sauti, na mwanamke wa kwanza aliyefika na mahindi yake ya alasiri akarudi nje akajifanya hajaona.

Alhamisi alisoma habari yote hadi mwisho. Akafunga kitabu. Hakuuliza tunajifunza nini.

"Mwaka jana niliwaandikisha somo la tatu," alisema, na kwa mara ya kwanza ikabidi watu wa nyuma wainamie mbele. "Lilikuwa uongo. Sikulitoa kwenye Injili, nililitoa kichwani mwangu. Shemeji yangu aliliandika. Alikuja mashineni kuniuliza kama mtu anayetokwa na damu aende hospitali. Nikamwambia arudie somo la tatu. Sikuzima hata mashine. Hakutuficha. Mimi aliniambia. Na pale kaburini nikasimama nikamsingizia."

Mdogo wake hakuinua kichwa. Kisha Bibi Miwani akavuta daftari karibu, akalamba ncha ya kalamu.

"Kwa hiyo, Mwalimu, hilo la kukiri tuliandike la ngapi?"

"Msiandike," alisema. "Jamani, nawaomba, leo msiandike."

Lakini alishachelewa. Ukawasikia wakiandika, mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba la pili litakuwa la unyenyekevu. Hawakuwa watu wabaya. Alikuwa amewafundisha vizuri mno, na aliyekiri mbele yao alikuwa kwao habari nyingine ya kuvunwa. Walimpa mkono mlangoni mmoja mmoja, wakamwambia leo amefundisha kuliko siku zote, na kila mkono ulimuuma.

Mdogo wake alibaki benchi la pili. Mwalimu aliketi benchi la kwanza akiwa amempa mgongo, kwa sababu uso wa kumtazama hakuwa nao.

"Nipige kama unataka," alisema.

"Kaka, alikuwa amevaa," mdogo wake alisema.

"Amevaa nini?"

"Jumatatu moja asubuhi, baada ya kuja kukuuliza kule mashineni. Amevaa gauni la kutokea, na viatu. Akaniambia, mume wangu, mimi naogopa, nisindikize hospitali. Nilikuwa na nyumba ya kumaliza, mwenyewe ananisubiri na funguo. Nikamwambia, si umemuuliza kaka ukajibiwa? Nikachukua daftari lake nikamsomea somo lako. Mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kukanyaga darasani. Akavua viatu."

Mwalimu aligeuka. Mdogo wake hakuwa akilia. Alikuwa akikwangua doa la rangi kwenye kidole gumba, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

"Muda wote huu nilikuwa naujua ukurasa ule," alisema. "Nilikuja hapa kila wiki nikingoja uniulize. Ungeniuliza tu, ningesema. Hukuniuliza, nikashukuru."

Nje mtu alikuwa akifagia, akaacha, akaanza tena.

"Mama yake bado anawaambia watu alimficha," alisema mdogo wake. "Jana tu amemwambia jirani. Anasema hatamsamehe hata huko aliko."

"Kesho sisagi. Twende."

"Atatufukuza, kaka."

"Atufukuze," alisema Mwalimu. "Lakini kwanza atusikie."