Kikohozi cha Tata

Mdogo wangu alitaka harusi isiyo na doa. Vitambaa vya meza alivibadilisha mpaka fundi akasusa, na mama zetu wadogo, watu wazima, akawafundisha namna ya kuketi. Tulimcheka, lakini tulimtii. Akitaka jambo, bora umpe tu upate amani.

Baba yetu, tunayemwita Tata, amechonga mawe ya sabuni huko Tabaka tangu ujana wake, na vumbi lake limemwachia kikohozi kisichopona. Wiki ya harusi, mdogo wangu aliniambia kwamba Tata mwenyewe ameomba akae nje ya kanisa, penye hewa, na baba mdogo, mwalimu mkuu mstaafu wa Kebirigo, ndiye atakayemsindikiza ndani. Niliamini. Siku yenyewe nikabeba kiti kwa mikono yangu, nikakiweka chini ya dirisha. Tata alikaa bila kunitazama.

Tangu siku hiyo alinibadilikia. Nikienda kumsalimu, ananiagia mlangoni, yeye aliyezoea kunisindikiza mpaka barabarani. Nikadhani ni uzee.

Kisha video ikaletwa. Tulikusanyika sebuleni kwa Tata, chai mkononi, bi harusi wetu akishika rimoti. Kila kitu kiling'aa. Wakati wa kiapo, kikohozi kimoja kikapenya dirishani, na kamera ilikuwa usoni pa mdogo wangu. Alikunja uso kama aliyekanyaga kinyesi, kisha akalivaa tena tabasamu lake.

"Nilijaribu kukibana," Tata akamwambia taratibu. "Dada yako alikutuma uniombe nisiwaharibie video. Kikanishinda."

Dada yako ni mimi. Chai ilinipalia. Nilimgeukia mdogo wangu, nikingoja acheke, akane, aseme lolote. Alirudisha video nyuma, akautazama uso wake. Akairudisha tena.

"Kumbe ndivyo nilivyo?" aliuliza, bila kumuuliza mtu. Halafu akapiga magoti mbele ya kiti cha Tata. "Dada hakusema kitu, Tata. Ni mimi. Nilitumia jina lake kwa sababu yeye hujawahi kumkatalia."

Alilia, nami sikuwa na chozi la kumsaidia. Angeniibia nguo, ningesahau. Aliniibia baba, tena akaniacha nibebe kiti mwenyewe. Sijamsamehe, na sijui ni lini.

Jioni nilipoaga, Tata alichukua kofia yake. Tulipanda polepole ile njia ya kwenye migomba, yeye akikohoa mpaka barabarani, wala hakukibana.