Muzungu Aliyeimbia Nyungu

Nilidanganya muzungu mumoja kwamba majani ya mama yangu ya kuua minyoo yanapikwa toka asubui mpaka saa sita, na mwenye kuyakoroga anapaswa kuimbia nyungu. Hakuna mutu aliyenituma. Nilitaka tu kuona muzungu akiimbia nyungu.

Na aliimba. Alikuwa kijana mwenye ndevu chache kama za mbuzi mudogo. Alitoka Walikale na mizigo ya maganda ya miti, akakaa kwetu Masisi. Hakuwa munganga wa kutunza wagonjwa. Alikuwa anasomea udoktari wa dawa: kujua ni majani gani yenye nguvu, na nguvu hiyo inafanya nini ndani ya mwili. Kwao, profesa wake alikuwa anangojea kitabu. Yeye alisema Kifaransa, mama anasema luga ya nyumbani tu, na mimi nilikuwa katika vakansi ya shule, kinywa changu hakina kazi. Njo nikawa mutafsiri.

Kwetu, mwenye kuchuma dawa hasemi neno mpaka iingie kinywani mwa mugonjwa. Siku moja mama alichuma, akaponda, akatia maji ya baridi, akaenda kunywesha ndama wa jirani, kimya njia yote. Muzungu alimufuata na kaye yake ya kuandikia, akiuliza: na ya watu inatengenezwa namna gani? Mama hakuweza kujibu, na hakusikia Kifaransa. Nikajibu mimi. Nilisema ya watu iko tofauti, inapikwa, na habari ya wimbo nikaiongeza pale pale. Aliandika yote. Kesho yake tulijificha nyuma ya kikingo cha matete, mimi na rafiki zangu wa shule, tukamusikia akiimbia nyungu wimbo wa kanisa. Tulicheka mpaka machozi.

Miezi mitatu alipika. Alichukua minyoo katika matumbo ya ng'ombe waliochinjwa, akaitia katika glasi za maji yale ya kupikwa, akaandika kila saa. Minyoo ilicheza tu, hakuna uliokufa. Mimi nilirudi shuleni na nikasahau.

Vakansi ingine, alikuja kwetu kuaga. Mama alimupa kiti na maziwa. Akaniomba nimuambie mama kwamba anamushukuru sana, lakini dawa yake haina nguvu, na njo hivyo ataandika katika kitabu. Alisema kwa adabu, macho chini, kama mutu aliyeleta habari ya kifo.

Nilitafsiri shukrani tu, maneno ingine nikayaacha. 

Mama aliniangalia. Akauliza, "Na ile ingine?"

Mama alikuwa ametunza watoto wa kilima kizima kwa majani yale, alifundishwa na mama yake. Sasa yataandikwa uongo, na uongo ni wangu. Nilisema kwanza kwa luga yetu, halafu kwa Kifaransa: ya watu na ya ndama ni moja, haipikwi hata siku moja, nilisema kwa muchezo tu. Na wimbo pia.

Muzungu hakunipiga. Ningependa anipige. Alifungua kaye, akageuza karatasi moja, ingine, ingine, akaweka kalamu juu ya ile ya kwanza bila kufuta kitu. Akaniuliza polepole kama katika ile miti ya Walikale pia nilimudanganya. Nikajibu hapana, kule sikufika. Aliitikia kwa kichwa, lakini niliona hakuamini tena. Alisema profesa wake alimupa mwaka mumoja, na mwaka unaisha.

Nilimutafsiria mama hayo yote, neno kwa neno, bila kuongeza. Mama alichukua kikombe cha mugeni, akakijaza tena maziwa, akamurudishia kwa mikono miwili. Halafu akasema nami:

"Muulize kama anabakia na siku moja. Kama iko, kesho asubui nitachuma. Kama haiko, wewe njo utamuandikia huyo mwalimu wake, na uandike jina lako, si langu."