Pima Maji na Mluzi wa Bafuni

Mume wangu ni fundi wa plasta. Wenzake walimpa jina Pima Maji, kama kile kifaa cha kupimia unyoofu, kwa sababu ukuta wake haupindi. Na yeye mwenyewe hapindiki: ukimuuliza kama anaumwa atakataa, hata jasho likiwa linamtiririka.

Kwa hiyo nilizoea kumsoma kwa masikio. Akiwa mzima hupiga mluzi. Kifua kikimbana, kimya. Mwaka juzi mluzi ulikatika akiwa juu ya jukwaa la ujenzi, wenzake wakamshusha ameshika kifua. Daktari akasema mishipa ya moyo imeziba pakubwa na upasuaji haumfai, akatuelekeza kwenye mashine ya mikanda.

Karibu miezi miwili nilimsindikiza hospitali. Hakuna kisu. Wanamlaza, wanamfunga mikanda ya hewa kwenye mashavu ya miguu, mapajani na nyongani. Moyo ukipumzika, mikanda inabana kuanzia chini, inasukuma damu irudi juu. Moyo ukitaka kupiga, inaachia. Mwili mzima unarukaruka kitandani.

"Inanibana kama mwenye nyumba," alimwambia muuguzi.

"Basi tulia, baba, usije ukafukuzwa."

Daktari alinieleza kuwa mashine inapunguza maumivu tu, haiponyi, na nafuu yenyewe huenda isidumu. Niliitikia kwa kichwa, lakini moyoni nilishaamua kuwa atapona.

Na nafuu ilikuja. Ngazi za kwetu alizipanda bila kusimama njiani. Akarudi kwenye vibarua, kuta za chini tu. Kila asubuhi nikawa nausikia mluzi bafuni, na wasiwasi unanitoka.

Asubuhi moja ulikuwa wimbo uleule, unarudiwa na kurudiwa, na maji hayamwagiki hata tone. Nikasukuma mlango. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nguo hajavua, mkono kifuani, uso rangi ya saruji, anapiga mluzi.

Hakushtuka. Alivuta pumzi kwanza.

"Mama watoto, kila asubuhi nakusikia unavyosimama hapo mlangoni," akasema. "Nikinyamaza, huli siku nzima. Sasa ningefanyaje?"

"Imeanza tena lini?"

"Tangu mvua zilipoanza."

Mvua zilikuwa zimekwisha zamani.

Tulikwenda hospitali asubuhi ileile. Daktari alimwongezea dawa, akasema huko mbele mashine inaweza kurudiwa, ila kazi ya ujenzi basi. Pima Maji akauliza, hata kuta za chini? Daktari akatikisa kichwa. Njiani kurudi, mume wangu alikuwa akitazama kuta za nyumba za watu.

Nilimwomba asinifiche tena, akakubali, na ametimiza. Tukiwa mezani huniambia kifua kimebana, kwa sauti ileile ya kusema chumvi imezidi. Namletea dawa yake ya kuweka chini ya ulimi. Kisha nageukia sinki, naosha sahani ambayo nimeshaiosha, mpaka uso wangu ukae sawa ndipo nigeuke.