Sentensi Aliyoisahau

Leo dukani nimefungua kopo la poda, na harufu yake ikanirudisha nyuma ya pazia la jumba moja la maigizo huko Minneapolis, Marekani, ambako mama alikuwa akipiga pasi mavazi ya waigizaji. Jumamosi hakukuwa na shule, kwa hiyo nilikwenda naye.

Mwigizaji mkuu alikuwa bibi Mmarekani aliyevuma kwenye filamu ujanani, kisha akarudi jukwaani uzeeni. Jumamosi moja mchana, katikati ya onyesho, alinyamaza. Alisimama akitazama kiti kitupu, vidole vikikunjakunja kitambaa cha meza, na watu ukumbini wakaanza kukohoa. Nilishika sketi ya mama.

"Mama, amesahau."

"Nyamaza, mwanangu."

Mama alikuwa ameyasikia maneno ya mchezo ule kila siku akipiga pasi. Lakini Kiingereza chake kilichekwa hata sokoni, na tangu siku ya kwanza aliambiwa kwamba nyuma ya pazia hakuna kusema. Aliuondoa mkono wangu kwenye sketi yake. Kisha akainama karibu na pazia, akaitamka sentensi iliyosahauliwa polepole, kwa lafudhi ya Tanga.

Bibi akaipokea, akaendelea.

Alipotoka jukwaani alitupita bila kututazama. Mama akaniambia nivae koti, kana kwamba tumeshafukuzwa. Tulikuwa tumefika mlangoni bibi alipotuita. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Kesho utasimama palepale karibu na pazia?" akauliza.

"Nitasimama," mama akajibu, na ndipo nikamwona bibi akitafuta ukuta wa kuegemea.